Swali la Mpangaji wa Chumba cha Nne

Mektrida aliikagua nyumba yake kinyumenyume. Kila Jumamosi asubuhi alianzia chooni, akapita nyuma ya jiko la pamoja, akasimama kidogo chini ya kila dirisha, kisha akaishia kwenye mlango wa mbele, kwani aliamini kwamba mpangaji mwenye hila hujiandaa kwa upande ule ambao mwenye nyumba huzoea kutokea. Alijua chumba kipi kilikuwa na jiko la koili lililofichwa chini ya kitanda, kwa sababu kisahani cha mita kilimwambia. Alijua binamu wa nani alikuja kulala siku mbili na sasa ana mswaki wake dirishani. Aligusa makufuli, alinusa ndoo. Wapangaji walimwita Mama Mizani wakidhani hasikii. Alisikia, na alijua ni nani aliyeanza.

Jina lenyewe halikuwa la kumsingizia. Kwa miaka kumi na minane alikuwa karani wa mizani katika chama cha ushirika cha kijiji chake huko Kilema. Mkulima akificha jiwe ndani ya gunia la kahawa, Mektrida aliliona. Mpimaji akiegemeza goti kwenye mizani ili ampunje mkulima, aliliona goti pia, tena akalitaja kwa sauti. Halafu wakaja wanunuzi binafsi na mizani yao, chama kikapunguza watumishi, naye akawa wa kwanza katika orodha, maana mwanamke, walisema wakubwa, hakosi pa kulishwa. Mumewe Basili alikuwa na miaka mitatu kaburini. Hakuna aliyemwonyesha mahali hapo pa kulishwa.

Alichopewa ni kiinua mgongo, na mwaka 1995 alikigeuza kuwa kiwanja katika mtaa wa Pasua, chini ya mji wa Moshi. Akajenga polepole, tofali kwa tofali: vyumba sita vinavyotazamana uani, bomba moja, mita moja ya umeme, choo kimoja. Yeye alikaa chumba cha kwanza na vyumba vitano vilivyobaki vikamlisha. Hakuwa na pensheni, wala mtoto wa kumtumia chochote kutoka Dar es Salaam. Nyumba hiyo ndiyo iliyokuwa shamba lake na uzee wake.

Kukizunguka kiwanja alipanda masale, ile mimea ya majani marefu ambayo kule mlimani ndiyo mpaka wa kila kihamba, shamba la ukoo. Wachaga hawana mpaka mwingine wanaouheshimu kiasi hicho. Ng'oa masale ya jirani uone kama utazikwa na watu. Mafundi wa mjini walimcheka, wakamwambia mjini watu hupanda ukuta. Yeye aliona masale yanatosha.

Mtu aliyemtia shaka kuliko wote alikuwa Filemon, seremala wa chumba cha nne, Mnyiramba aliyetoka Singida. Siku aliyokuja kupanga, mwezi wa sita mwaka 1999, alitazama dari, akagonga milango yote kwa kifundo cha kidole, kisha akauliza jambo ambalo hakuna mpangaji aliyewahi kumuuliza.

"Mkataba uko wapi, mama?"

"Mkataba wa nini? Mimi niko hapa, wewe uko pale, ukuta uko katikati yetu."

"Na bati likivuja, anayeliziba ni nani? Ukitaka nihame, unaniambia siku ngapi kabla?"

"Umekuja kupanga au kunihoji?"

Akampa chumba hata hivyo, kwa kuwa milango mitatu ilikuwa imepinda na seremala ndani ya nyumba si kitu cha kukataa. Lakini tangu siku hiyo ukaguzi wa Jumamosi ulichukua muda mrefu zaidi mbele ya chumba cha nne.

Ikaja Krismasi. Katika Desemba mji wa Moshi hubaki ganda, watu wote wakapanda mlimani kwao. Mektrida alikwenda Kilema, Hilda mshonaji wa chumba cha pili akaenda kwao Machame, wengine wakatawanyika hivyo hivyo. Filemon peke yake hakuwa na mlima wa kupanda. Akabaki na funguo za geti.

Mektrida alirejea wiki ya kwanza ya Januari na hakufika hata mlangoni. Masale ya upande wa barabara yalikuwa yamefyekwa kwa upana wa hatua nne, na ndani ya kiwanja vigingi vinne vyenye rangi nyekundu kichwani vilikuwa vimepigwa ardhini, vikiimega sehemu yote ya mbele, theluthi nzima ya uwanja. Ukitazama kwa haraka ungedhani ni kaburi kubwa linalopimwa.

Ng'ambo ya barabara Bernadetha, muuza ndizi, alikuwa kwenye meza yake. Mwaka huo mguu ulimkatalia kupanda mlimani.

"Mimi sisemi kitu, Mama Mizani," alisema kabla hajaulizwa. "Ila macho hayana pazia. Nilimwona yule seremala wako ameshika futi kamba, siku mbili baada ya Krismasi."

"Peke yake?"

"Kulikuwa na watu wengine upande wa pili. Lori la mchanga lilisimama katikati likanizibia. Lakini yeye nilimwona, kashika futi kamba kama anayepima sanda."

Filemon alikuwa uani akiranda ubao. "Shikamoo mama. Heri ya mwaka mpya."

"Marahaba. Vigingi vile vya nani?"

Filemon alipuliza vumbi la mbao, akamtazama kama mtu anayetafuta ufa kwenye ubao kabla hajaununua. "Kabla sijakujibu, mama, na mimi nikuulize. Mwenye nyumba hii ni nani?"

"Unasemaje?"

"Nauliza kwa heshima. Kule Arusha niliuliza nikiwa nimechelewa, nikatupiwa kitanda barabarani na mtu mwenye nyumba wa kweli. Mwenye nyumba hii ni nani?"

Damu ilimpanda Mektrida hadi masikioni. Mtu aliyekaa kwake miezi sita, akachota maji ya bomba lake, sasa anamuuliza nyumba ni ya nani huku vigingi vikiwa bado vibichi ardhini! Hakusubiri asikie zaidi. Kesho yake alfajiri alikuwa njiani kwenda Kilema kwa shemeji yake.

Sirili alikuwa mdogo wa marehemu Basili na msemaji wa ukoo, mtu mwenye koti la kahawia na sauti ya kubembeleza. Alimkaribisha jikoni, akamwekea mtori, akamsikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Mpangaji anayeulizia mwenye nyumba, shemeji, huyo ameshaanza kukupima shingo," alisema. "Mtoe. Wiki hii hii. Na usiende ofisini. Mambo yakishaingia ofisini hayatoki."

"Na ile karatasi ya mauziano? Labda nikae nayo mwenyewe."

"Iko kwenye sanduku langu tangu siku ile, panya hawaijui. Wewe unakaa na watu wa kila kabila pale chini. Je, ikiibwa?"

Mektrida akashukuru. Alikumbuka kidogo, wakati akishuka, kwamba siku mbili baada ya Krismasi Sirili aliwaacha wanaume wenzake kwenye mbuzi wa ndafu akasema anateremka mara moja kumwona mgonjwa, na kwamba jioni aliporudi viatu vyake vilikuwa na vumbi la kijivu la tambarare. Aliliona vumbi hilo siku ileile. Alimwambia pole na safari, akampa supu. Jicho lake la shaka, lililoweza kuona goti la mpimaji chini ya gunia, lilikuwa na mpaka wake: mtu wa ukoo hakaguliwi.

Filemon aliisoma barua ya kumtaka ahame, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni mwa shati.

"Nitatoka," alisema. "Ila nitatoka kwa barua ya mwenye nyumba yenye mhuri wa serikali ya mtaa. Siku utakayoniletea mhuri, siku hiyo hiyo nafunga randa zangu."

"Mhuri tu?"

"Mhuri tu, mama."

Mektrida karibu acheke. Ofisi ya mtaa ilikuwa mwendo wa dakika kumi.

Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Ndelilio, alikuwa Mlutheri mpole wa Mbokomu ambaye aliyahifadhi majalada yake ndani ya kabati lenye kufuli mbili. Alilitoa jalada la viwanja, akalamba kidole, akafunua kurasa mpaka akafika kwenye nakala ya mauziano ya mwaka 1995. Akaisoma. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaisoma tena.

"Mama, umekuja kumwombea nani mhuri?"

"Najiombea mwenyewe. Nyumba yangu, mpangaji wangu."

"Karatasi hii inasema aliyenunua ni Sirili. Aliileta mwenyewe tukagonga mhuri. Muuzaji ni Eliufoo."

"Sirili alikuwa ananisemea tu. Jina langu limo."

"Limo." Mzee aligeuza jalada, akaweka ukucha chini ya mstari wa mwisho. "Hapa. Na sahihi yako hii hapa, nzuri sana. Shahidi wa mnunuzi."

Mektrida aliitazama sahihi yake. Ilikuwa yake kweli, na mkia ule alioupenda kwenye herufi ya mwisho. Siku ile ilimrudia yote. Wanaume walikaa mgombani kwa Sirili, kibuyu cha mbege kikizunguka kati yao na Eliufoo, kwani ardhi huzungumzwa na wanaume, na mjane huzungumziwa na shemeji yake. Yeye alipika. Fedha zilitoka kwenye fundo la kitenge chake zikapita mkononi mwa Sirili. Mwishoni karatasi ililetwa ikiwa imekunjwa, sehemu ya chini pekee ikionekana. "Weka sahihi hapa, shemeji, tumalize." Kwa miaka kumi na minane hakumruhusu mkulima hata mmoja kutia dole gumba kwenye kipande ambacho hakusomewa. Siku ile hakukunjua. Wazee walikuwa wanatazama, na kuikunjua karatasi mbele yao kungekuwa kumwambia Sirili hadharani: nakushuku. Akatia sahihi, akarudi jikoni kupakua ndizi. Akawa ameshuhudia kwa mkono wake mwenyewe kwamba kiwanja chake ni cha mtu mwingine.

Na hapo isemwe wazi. Desturi inayomfanya mtu aone haya kuusoma mkataba wake mwenyewe haimlindi mjane. Inamlinda anayemwibia, na inampa kiti cha mbele na kibuyu cha kwanza.

Alirudi nyumbani, na safari hii aliingia kwa mlango wa mbele. Filemon alikuwa palepale.

"Waliokuja siku ile walikuwa akina nani?"

"Mmoja ana koti la kahawia. Alisema, 'Mimi ndiye mwenye nyumba, yule mama ni msimamizi wangu.' Alikuja na tajiri anayetaka kujenga baa hapo mbele. Akaniomba nimshikie ncha ya futi kamba."

"Ukanyamaza mpaka nirudi!"

"Nilidhani mko pamoja, mama. Ndiyo maana nikauliza kwanza."

"Yaani ulinishuku mimi?"

"Na wewe ulinishuku mimi."

"Mimi nilikuwa na sababu."

"Mimi pia."

Hilda, aliyekuwa akishona kizingitini, aliacha cherehani. "Yaani miezi yote hii mnaviziana, na mwizi anakula mtori Kilema?"

Mzee Ndelilio alipanga shauri la Mektrida na Sirili lisikilizwe Jumamosi, papo hapo uani, wapangaji wakiwapo. Usiku wa kuamkia siku hiyo Mektrida hakufikiria jambo jingine ila moja: karatasi ni ya Sirili, mhuri ni wa Sirili, na sahihi yake yeye ndiyo kigingi cha tano. Akishindwa, atatoka katika chumba cha kwanza akiwa na godoro, kama Filemon alivyotoka Arusha.

Sirili alifika mapema, amenyoa ndevu, na mkononi hakuwa na karatasi yoyote. Alikuwa na isale, jani moja refu la masale, bichi, lililofungwa fundo katikati.

Wachaga wote waliokuwa uani walilitambua. Hilda aliondoa mguu kwenye cherehani. Isale lenye fundo likiletwa kwako, aliyelileta amejishusha hadi chini. Hata aliyeuawa nduguye hulipokea, na anayelikataa huogopwa kuliko mkosaji. Mektrida alilelewa akijua hivyo kabla hajajua kusoma. Sirili naye alijua kwamba anajua.

"Mae, shemeji yangu," alisema Sirili kwa ile sauti yake, akipiga goti moja vumbini, "tumetoka tumbo moja la ukoo. Nilipokosea, nisamehe. Lipokee, tumalize hapa, mzee wetu asipoteze wino. Mambo ya nyumbani hayapelekwi ofisini."

Shaka yake yote ya miaka mingi ilisimama ndani ya Mektrida kama paka aliyesikia mchakacho. Alilitazama lile fundo kama alivyolitazama goti la mpimaji. Kwa nini haraka hii? Kwa nini leo, kabla jalada halijafunguliwa? Akaona. Akilipokea na kunyamaza, amesamehe, na nyumba imekwenda. Akilikataa, kesho Kilema yote itasema Mektrida ana moyo wa jiwe, na nani atamsikiliza tena?

Akanyoosha mikono yote miwili.

"Nimelipokea," alisema. "Na nimekusamehe, shemeji, kutoka moyoni. Sasa simama, uwaambie hawa watu umenikosea nini."

Sirili alikuwa ameshaanza kutabasamu. "Kama limepokelewa, limekwisha."

"Ugomvi umekwisha. Mimi siulizi ugomvi. Nauliza kosa."

"Hayo ni maneno tu, shemeji. Mtu anaweza kukosea hata kwa ulimi."

"Kwa ulimi?" Mzee Ndelilio alikohoa, akafungua jalada juu ya magoti. "Ngoja, Sirili. Mimi ni Mchaga kama wewe. Sijawahi kuona mtu akishuka kutoka Kilema asubuhi yote hii na isale lenye fundo kwa kosa ambalo hakulitenda. Mtu asiye na kosa huja na karatasi. Wewe karatasi umeiacha sandukuni." Akachomoa kalamu. "Naandika kwamba leo, mbele ya watu saba, Sirili ameleta isale kwa mjane wa kaka yake. Niambie niandike kwa kosa gani. Kama si kiwanja, litaje jingine."

Sirili alitazama wapangaji, akatazama geti. Ng'ambo ya barabara Bernadetha alikuwa amesimama juu ya mguu wake mbovu ili aone vizuri, na safari hii hapakuwa na lori.

"Nilimlinda tu," alisema hatimaye. "Mwanamke mwenye nyumba mjini hufuatwa na kila mwanamume."

"Aliyenifuata ni wewe," alisema Mektrida.

"Kihamba hakiandikwi kwa mwanamke! Wazee wote wanajua!"

"Hiki si kihamba," alisema mzee. "Ni kiwanja cha Pasua, kilichonunuliwa kwa jasho lake, umekiri sasa hivi ulipomwita mwenye nyumba. Na sheria mpya ya ardhi iliyopitishwa mwaka jana haijui shemeji. Andika, Sirili. Au rudi na isale lako mlimani, uwaeleze wazee kwa nini ulilileta kisha ukakana."

Hilo la mwisho ndilo lililomvunja. Mahakama Sirili angeweza kuisubiri miaka kumi. Aibu ya isale lililokanwa isingemsubiri hata afike Kilema. Akaandika kwa mkono wake kwamba aliyenunua ni Mektrida, na kwamba vigingi ving'olewe. Mektrida aliichukua karatasi. Akaikunjua yote, akaisoma kutoka juu mpaka chini mbele ya kila mtu, polepole, midomo ikicheza, kisha akairudia tena kuanzia mwanzo. Sirili alisubiri na kalamu mkononi. Mara ya tatu alikuta kwamba namba ya kiwanja imeandikwa kwa makosa, akamrudishia arekebishe.

"Jumatatu tunakwenda kwa Eliufoo naye atie sahihi," alisema, "kisha ofisi ya ardhi, tuombe hati. Wewe na mimi, shemeji. Utavaa koti lile lile."

Jioni, vigingi vilipokwisha kung'olewa, alikwenda kwenye ukingo wa kiwanja, akakata jani moja la isale, akalifunga fundo, akabisha chumba cha nne. Hakuwa na maneno mengi. Alilinyoosha tu.

Filemon alilipokea, akaligeuzageuza. "Hii inachemshwa, mama?"

"Haichemshwi, mjinga wewe! Ni kuomba msamaha."

"Ahaa." Akaliweka juu ya dirisha kwa adabu, karibu na misumari. "Basi nimesamehe. Sasa ule mkataba, tunauandika lini?"

"Kesho. Mwezi mzima kabla ya kuhama, na bati likivuja ni langu." Aligeuka aondoke, akasita, akachungulia kwa ndani juu ya bega la seremala. "Na lile jiko la koili lililoko chini ya kitanda chako, nalo nitaliandika."